Mali Yake, Kauli Yake: Barua ya Wazi kwa Tume ya Kurekebisha Sheria

Kwa Mwenyekiti na Makamishna,
Tume ya Kurekebisha Sheria Tanzania,
Dodoma.

Nakala: Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria, Ofisi ya Waziri Mkuu inayoshughulikia watu wenye ulemavu, Waheshimiwa wabunge wa Mkoa wa Singida.

YAH: SHERIA IMTAMBUE MTU ANAYEAMUA KWA KUSAIDIWA

Waheshimiwa,

Ninaandika kutoka kata ya Kinyangiri, wilaya ya Mkalama. Mimi ni mkulima wa alizeti, mama wa familia, na dada wa mtu anayeishi na ugonjwa wa akili. Nimepata pia mafunzo ya usaidizi wa kisheria, kwa hiyo watu hunijia jioni na makaratasi yao. Makaratasi hayo ndiyo yaliyonisukuma kuwaandikia.

Huku kwetu mtu akishasemwa kwamba akili yake haijakaa sawa, watu wanaacha kumuuliza. Shamba lake linakodishwa, na yeye anapata habari akiona trekta la mtu mwingine limeingia. Fungu lake la mirathi anashikiwa na ndugu, na neno hilo "anashikiwa" linaweza kuchukua miaka hadi anazikwa. Akipelekwa hospitali haulizwi, akirudishwa haulizwi. Wapo wasichana wenye ulemavu wa akili waliochomwa sindano ya uzazi wa mpango bila kuambiwa ni sindano ya nini. Nimeambiwa hayo na mama zao wenyewe, na mama hao walidhani wanafanya jambo jema. Hakuna kinachofanyika gizani. Kuna kikao, kuna muhtasari, kuna mhuri, na mara nyingi kuna sala ya kufungua na ya kufunga.

Novemba 2009 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Ibara ya 12 ya mkataba huo inasema watu wenye ulemavu wana uwezo wa kisheria sawa na wengine katika mambo yote ya maisha, na inaitaka serikali iwawekee msaada wanaouhitaji ili wautumie uwezo huo. Inataja waziwazi haki ya kumiliki na kurithi mali, kusimamia fedha zao na kupata mikopo. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010. Sheria hiyo ilitusaidia katika mengi, na uhuru wa mtu kujiamulia imeutaja miongoni mwa misingi yake. Utaratibu wa kumsaidia mtu aamue haikuuweka. Tangu wakati huo tumebaki na ahadi tuliyoiweka saini na sheria za zamani zinazoikanusha.

Kazi ya kuziangalia sheria hizo ni yenu. Naomba mnisikilize.

1. Sheria zetu zinawajua watu wa aina mbili tu, mwenye akili timamu na asiye nazo.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema katika kifungu cha 11 kwamba anayeweza kuingia mkataba ni mtu aliyetimiza umri, mwenye akili timamu, na ambaye hajazuiwa na sheria nyingine. Maneno hayo yametoka kwenye sheria ya India ya mwaka 1872, tuliyoletewa na Waingereza. Nikitenda haki, kifungu cha 12 kinachofuata kina busara kuliko watu wanaokitumia. Kinatazama wakati ule wa kuingia mkataba: je, mtu huyu alielewa anachokikubali, na aliweza kupima faida na hasara yake? Kinakiri hata kwamba mtu ambaye mara nyingi ni mgonjwa anaweza kufunga mkataba halali akiwa mzima. Lakini nani anakisoma hivyo kwenye ofisi ya kijiji? Kwa mtendaji, kwa karani wa benki, kwa mzee wa ukoo, ugonjwa ni alama ya kudumu. Ukilazwa mara moja, basi.

Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 nayo inaruhusu mahakama kumteua msimamizi wa mali za mtu mwenye ugonjwa wa akili. Akishateuliwa, mwenye mali anakuwa mtazamaji wa mali yake. Hatua ya katikati haipo. Hakuna panaposema kwamba kwanza ijaribiwe njia ya kumsaidia mwenyewe. Na katika mashauri ya madai, mtu ambaye mahakama imemwona hana akili timamu anaingizwa kwenye kanuni zilezile za mtoto mdogo, asifungue shauri bila mtu mzima wa kumsimamia. Mtu wa miaka 50, aliyelima, aliyeoa, aliyewazika wazazi wake, anarudishwa utotoni kwa amri ya siku moja.

2. Tiba inampa mtu nafuu, sheria inamdai apone.

Hapa nitasema ya nyumbani kwangu, kwa ruhusa ya mdogo wangu, ambaye barua hii nimemsomea kabla ya kuituma na sehemu mbili amenifutisha.

Baba alimwachia shamba la ekari tatu. Mdogo wangu huugua kwa vipindi. Akiugua halali, anazungumza usiku kucha, anagawa vitu. Akipata dawa na akazifuata, anakaa miezi mingi bila tatizo, analima, anaweka vibarua, anauza. Mwaka mmoja alizidiwa wakati wa palizi, tukampeleka Dodoma, akalazwa. Alihudumiwa vizuri. Aliporudi, shamba lilikuwa limekodishwa kwa misimu mitatu kwa mfanyabiashara wa alizeti. Baba zetu wadogo walikaa kikao cha ukoo, wakaandika muhtasari uliosema "kwa kuwa ndugu yetu hana akili timamu", wakapokea hela yote kwa mkupuo.

Tulikwenda kulalamika katika baraza moja, ambalo sitalitaja. Mdogo wangu alivaa shati alilolipiga pasi usiku, akabeba daftari lake la mistari. Ndani ya daftari lile kuna kila msimu tangu baba afariki: kilo za mbegu, majina ya vibarua na siku zao, magunia yaliyotoka, bei aliyouzia kiwandani, mashudu aliyonunua kwa ajili ya kuku. Mwenyekiti wa baraza alitukaribisha, kisha akanigeukia mimi.

"Haya mama, mgonjwa wako ana shida gani?"

Mdogo wangu akasema, "Mzee, mwenye shida ni mimi, naomba nieleze." Aliweka daftari mezani. Wajumbe walilitazama jalada lake, hakuna aliyelifungua. Mwishoni tuliambiwa tulete cheti cha daktari kinachosema kwamba amepona, ndipo shauri lisikilizwe.

Waheshimiwa, hakuna daktari mwaminifu atakayeandika hivyo. Ugonjwa huu unadhibitiwa kama kisukari na presha. Daktari anaweza kuandika kwamba ana nafuu, anafuata dawa, anajitambua, anaweza kueleza mambo yake. Hayo ndiyo aliyoandika. Tulirudi nayo, tukaambiwa hayatoshi. Msimu ule mfanyabiashara alivuna, na baba mdogo mmoja akampa mdogo wangu hela ya sabuni.

Wilaya nzima imejaa wenye kisukari wanaouza mashamba, wanaogombea uongozi, wanaokopa. Hakuna anayewadai cheti cha kupona. Nawaomba mtazame ni kwa sheria ipi mtu anaambiwa alete kitu ambacho tiba yenyewe haitoi, na mkishaiona muifute. Na kama hakuna sheria inayosema hivyo, kama ni mazoea tu yaliyojificha nyuma ya maneno "akili timamu", basi tunahitaji sheria mpya inayoyakataza kwa kuyataja.

3. Ardhi ndiyo inayowafanya watu wawe "wagonjwa".

Nimeona kitu kimoja katika makaratasi ninayoletewa. Mtu anaweza kuishi na hali yake miaka mingi bila ukoo kukaa kikao kumjadili. Kikao kinaitishwa shamba likipata bei, au mwenye shamba akifiwa na mzazi aliyekuwa anamkinga. Singida ya alizeti na vitunguu ardhi yake inatafutwa, na hatimiliki za kimila zinazotolewa vijijini zimeongeza haraka ya watu kuhakikisha jina la nani linaingia. Jina likishaingia kwenye hati, kulitoa ni kazi ya miaka.

Na kuna wazee. Bibi mmoja huku husahau kama amekula, humwita mjukuu wake kwa jina la mwanawe aliyekufa. Ukimtoa nje ukamuuliza mpaka wa shamba lake, anakuonyesha mnyaa kwa mnyaa, anakwambia nani aliupanda na mwaka gani wa njaa. Anajua pia anataka nani abaki pale. Nikisoma kifungu cha 12 cha Sheria ya Mikataba kama kilivyoandikwa, bibi huyu ana la kusema juu ya shamba lake. Wanawe wamekwisha kuligawana.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilikuwa imeona mbali. Kifungu cha 20 kinabatilisha mila yoyote inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu haki ya kumiliki, kukaa au kutumia ardhi. Kilichokosekana ni mkono wa kukishika. Mtu anayeambiwa hana akili timamu atakwendaje mbele ya baraza kudai kwamba mila imemnyima haki, ikiwa baraza lenyewe linamwona hana kauli?

4. Wanaosaidia kwa upendo hawana karatasi.

Msije mkadhani ninazilaani familia. Familia nyingi zimebeba mzigo huu peke yake, na sheria imeziacha pabaya kuliko zile za wadhulumaji. Jirani yangu ana binti wa miaka 24 mwenye ulemavu wa akili. Binti anafuga kuku wa kienyeji, anamjua kila kuku na vifaranga vyake, na siku ya mnada anajua asiuze chini ya bei gani. Anachoshindwa ni hesabu ya chenji na kusoma ujumbe wa simu. Mama yake alikwenda naye benki wamfungulie akaunti, karani akataka amri ya mahakama. Mama akaona mahakama kwa ajili ya hela ya kuku ni kumtangaza mwanawe kichaa mbele ya hakimu, akarudi nyumbani. Sasa hela ya binti inakaa kwenye laini ya mama. Mama huyo akifa leo, hela ile ni mirathi ya mama, itagawanywa kwa watoto wote, na binti hataweza kuonyesha kwamba ni yake.

Mama huyo tayari ni msaidizi. Anamweleza binti bei, anamhesabia noti mbele yake, anamuuliza, "Tununue pumba au tuweke?" na anafuata jibu analopewa. Yeye na binti yake wamekwisha kutatua jambo ambalo wanasheria wanalijadili. Wanachokosa ni karatasi inayosema kwamba binti ndiye mwenye akaunti, mama ndiye msaidizi aliyemchagua, na mama hawezi kutoa hela bila binti kuwapo.

Halmashauri zetu zinatenga asilimia 2 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo ya watu wenye ulemavu. Mkopo ni mkataba. Maana yake binti huyu, na wote wa aina yake, wanatajwa kwenye sababu ya fedha hizo kutengwa halafu wanaachwa mlangoni wakati wa kusaini.

5. Kuamua kwa kusaidiwa si jambo geni kwetu.

Nimesikia ikisemwa kwamba haya ni mawazo ya kutoka nje. Lakini mtu asiyejua kusoma husomewa hati na mtu anayemwamini, huelezwa, kisha huweka dole gumba, na hati inakuwa yake. Hakuna anayesema hana akili kwa sababu alisaidiwa. Siku ya uchaguzi, mpiga kura asiyeona au asiyejua kusoma huruhusiwa kuingia na mtu aliyemchagua mwenyewe, akamsaidia kuweka alama, na kura ile inahesabiwa kuwa ya mpiga kura. Kiziwi mahakamani hupewa mkalimani wa lugha ya alama. Katika yote hayo sheria imekubali kwamba msaada hauondoi kauli ya anayesaidiwa. Tunachoomba ni kwamba mtu ambaye shida yake iko kwenye kukumbuka, kupima au kutulia naye apewe hivyo hivyo: aelezwe polepole, kwa maneno rahisi, apewe muda, asubiriwe apate nafuu kama jambo linaweza kusubiri, na awe na watu wawili watatu aliowachagua.

6. Sheria ya Ndoa.

Hili nitalipitia haraka. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliweka ugonjwa wa akili unaojirudia, na kifafa pia, kati ya sababu zinazoweza kuifanya ndoa ibatilishwe. Kifafa! Huku kwetu watu wengi wana kifafa, wameoa na kuolewa, wanalea. Mtu aliyeambiwa tangu mwanzo na akakubali, hana haja ya mlango huu wa kutokea. Aliyefichwa ana malalamiko ya kufichwa, na hayo yanajitegemea bila kutaja ugonjwa gani. Futeni maneno hayo.

7. Hofu ya kwamba watadhulumiwa.

Wapo watu wema watakaowaambia: mkimwachia mgonjwa aamue, matapeli watamaliza mali yake. Hofu hii naiheshimu kwa sababu nimelala nayo. Mdogo wangu aliwahi kugawa mbuzi wanne akiwa amezidiwa.

Lakini tazameni nani amewadhulumu hawa watu mpaka sasa. Mdogo wangu alipogawa mbuzi, waliowapokea wawili waliwarudisha wenyewe kwa aibu. Shamba lililokodishwa na ndugu wenye akili timamu, kwa muhtasari na mhuri, halikurudi kwa miaka mitatu. Kumnyima mtu kauli hakukumlinda; kuliwarahisishia wenye kauli. Tapeli anayetaka shamba hilo leo hana haja ya kumdanganya mwenye shamba, anakwenda moja kwa moja kwa baba mdogo.

Ulinzi tunautaka, tena mkali. Msaidizi asiwe mnunuzi wala mpangaji wa mali ya anayemsaidia, wala mume, mke au mtoto wa msaidizi asiwe hivyo. Kuuza au kukodisha ardhi kupewe muda wa kufikiri, tuseme siku 30, ambazo ndani yake mtu anaweza kurudi nyuma bila kulipa faini. Mtu mwenyewe akiwa mzima aweze kuandika mapema: nikizidiwa, msiniruhusu niuze mifugo, dawa zangu ni hizi, mpigieni dada, shamba lisikodishwe. Mdogo wangu ameshaandika karatasi kama hiyo. Iko kwenye daftari lake. Hakuna ofisi inayolazimika kuiheshimu.

Na yupo mtu ambaye kwa kweli hawezi kueleza matakwa yake kwa njia yoyote, aliyepoteza fahamu kwa ajali au aliyefikishwa mbali na ugonjwa wa uzee. Kwa huyo mahakama iwepo, iteue mtu, kwa jambo lililotajwa na kwa muda uliotajwa. Mtu huyo alazimike kufuata yale ambayo mgonjwa aliyapenda na kuyasema alipokuwa na kauli, awaulize waliomjua. Siwaombi muifunge mahakama. Naomba iwe ya mwisho kuitwa.

8. Wenzetu wametangulia.

Kenya ilirekebisha Sheria yake ya Afya ya Akili mwaka 2022 na kumtambua msaidizi anayechaguliwa na mgonjwa mwenyewe. India, tulikoazima maneno ya mikataba, mwaka 2017 ilipitisha sheria inayompa mtu haki ya kuandika mapema anavyotaka atibiwe akizidiwa, na kumtaja wa kumsemea. Peru mwaka 2018 iliondoa utaratibu wa watu wenye ulemavu kuwekewa walezi wa kisheria, ikaweka wasaidizi. Ireland ilikuwa bado inatumia sheria ya mwaka 1871. Ilipitisha mpya mwaka 2015, lakini ikaanza kutumika Aprili 2023. Miaka ile ya kusubiri ina funzo kwetu: sheria ikipita bila ofisi, bila fomu, bila watu waliofundishwa, inakaa kabatini.

Sisi tuna faida ambayo wengine hawakuwa nayo. Sheria ya 2010 imeweka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na tangu 2023 Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia imewapeleka wanasheria hadi vijijini. Watu wapo. Wapeni kazi hii.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, tunaomba haya.

Tume ifungue mapitio ya pamoja ya Sheria ya Mikataba, Sheria ya Afya ya Akili, Sheria ya Ndoa, Sheria ya Watu wenye Ulemavu na kanuni za mashauri ya madai, kwa sababu ukirekebisha moja ukaacha nyingine, karani atashika ile uliyoiacha. Mapitio hayo yafike pia kwenye Ibara ya 5 ya Katiba, inayoruhusu Bunge kumwondolea mtu haki ya kupiga kura kwa sababu ya ugonjwa wa akili.

Iandikwe kwamba kila mtu mzima ana uwezo wa kisheria, na kwamba jina la ugonjwa, kulazwa hospitali au kutumia dawa si ushahidi kwamba hawezi kuamua. Anayedai kwamba mtu fulani hakuelewa jambo fulani siku fulani, alete ushahidi wa jambo hilo na siku hiyo.

Kuwe na makubaliano ya kusaidiwa, fomu ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, bila malipo, inayosainiwa mbele ya mtendaji na mjumbe wa kamati ya watu wenye ulemavu ya kijiji. Mwenye fomu amtaje anayemtaka, ataje mambo anayotaka kusaidiwa, na aweze kuifuta siku yoyote. Benki, kampuni za simu, zahanati, baraza la ardhi na Mahakama ya Mwanzo zilazimike kuipokea. Na sheria yenyewe itungwe kwa Kiswahili, kama marekebisho ya mwaka 2021 yanavyotaka, ili mdogo wangu aweze kuisoma bila mimi.

Muhtasari wa kikao cha ukoo unaogawa, kuuza au kukodisha ardhi ya mtu asiyekuwapo usiwe na nguvu popote. Kwa lililofanyika mtu akiwa amelazwa, yeye mwenyewe awe na haki ya kulitengua akirudi, na aliyepokea hela airudishe.

Mtu asipewe matibabu yasiyo ya dharura, wala njia ya uzazi wa mpango, bila kuelezwa kwa namna anayoielewa na bila kukubali mwenyewe. Hili naliomba kwa ajili ya wale wasichana.

Fedha za kuwafundisha watendaji, wajumbe wa mabaraza, mahakimu na wauguzi zitengwe kabla sheria haijaanza kutumika.

Mwisho, mkianza kukusanya maoni, msiishie kwenye kumbi za Dodoma. Njooni Kinyangiri baada ya mavuno ya alizeti, mwezi wa saba au wa nane, wakati watu wana nafasi na barabara zimekauka. Msiwaite ndugu na walezi peke yao. Waiteni wenyewe, wenye kifafa, wenye ugonjwa wa akili, wenye ulemavu wa akili, wazee wanaosahau, na muwaandalie wakalimani, chakula na mahali tulivu pa kukaa anayechoka haraka. SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, na vyama vya watu wanaoishi na magonjwa ya akili wataweza kuwasaidia kupanga. Wengine watawajibu kwa sentensi moja, wengine kwa siku nzima. Wapeni muda huo. Tunaomba tarehe itangazwe mapema kupitia ofisi ya kata, ili wa vitongoji vya mbali watafutiwe usafiri.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkulima na msaidizi wa kisheria,
Kinyangiri, Mkalama, Singida.